Geti la Kijani, Mbwa Hana Meno

Ndani ya ule mfuko mweusi wa nailoni ulioletwa asubuhi na mleta mizigo, wasomaji wangu, hamkuwa na uzi, wala vifungo, wala pazia. Mlikuwa na kandambili.

Moja tu. Ya mguu wa kushoto. Ya bluu, ukanda wake umeshonewa kwa uzi mwekundu pale ulipokuwa umekatika.

"Hawa wamekosea," alisema Mama Mdogo, akaugeuza mfuko na kuukung'uta. "Nani anaagiza kandambili mguu mmoja? Ngoja niwapigie walete wa pili."

Sindano aliinuka. Aliingia chumbani kwake, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda. Aliporudi sebuleni alikuwa na kandambili nyingine, ya bluu, ya mguu wa kulia. Akaziweka sakafuni, moja ubavuni mwa mwenzake.

Zikawa jozi.

"Mama mdogo," alisema, "ameshajua nilipo."

Kwa wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, nikuweke sawa haraka kisha tuendelee. Sindano ni mshonaji, na jina hilo amepewa na wateja wake. Aliolewa na fundi wa vitasa vya milango, ambaye mtaani kwao alijulikana kama Fundi Funguo, kwa ile pete kubwa ya funguo aliyoining'iniza kiunoni. Akitembea, zinalia. Unamsikia kabla hujamwona. Mbele za watu alikuwa mpole, wa salamu ndefu. Nyumbani ilikuwa mambo mengine. Simu ya mkewe aliikagua kila jioni kama mtu anayekagua vyombo kama vimetakata. Akitoka kwenda kazini, alifunga mlango kwa nje na ufunguo akauacha tunduni, makusudi, ili hata mkewe akipata ufunguo mwingine usiweze kuingia kwa ndani.

Sindano alitoroka vipi? Alipenyeza gazeti chini ya mlango, akausukuma ule ufunguo kwa sindano ya kufumia, ukaangukia juu ya gazeti, akalivuta ndani taratibu. Akafungua. Akakimbia. Kandambili ya kushoto ilimvuka kwenye ngazi, na hakugeuka kuiokota.

Tangu hapo yuko kwa Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama yake, katika mji mwingine kabisa. Laini ya simu alishaivunja vipande viwili. Na anayakumbuka maneno ya mumewe kama vile yamechomwa kwa pasi: "Ukitoka humu bila ruhusa yangu, siku nitakayokurudisha hutatoka tena. Hata dirishani hutachungulia."

Basi. Turudi sebuleni.

"Kaa chini kwanza," Mama Mdogo alisema. "Kunywa maji."

"Sitaki maji. Nani amemwambia?"

"Mimi nimwambie? Mtu ambaye hata salamu yake siitaki?"

"Basi ni Kava."

Kava ni binti wa Mama Mdogo, mdogo wake Sindano kwa ukoo na kwa mapenzi. Anauza makava na chaja za simu kwenye kibanda karibu na stendi, ndiyo maana wakamwita hivyo. Mama yake alimpigia, naye akaja mbio, miwani imemshuka puani.

Hakuruhusiwa hata kukaa.

"Wewe!" Sindano alimnyooshea kidole. "Kila kitu unapost. Chai unapost, nywele unapost. Umenipiga picha mimi?"

"Dada!"

"Umenipiga, hujanipiga?"

"Tangu uje humu ndani hata kivuli chako sijakipiga," Kava alisema kwa hasira. "Nimewaambia marafiki zangu wasije nyumbani. Nimesema mama ana tetekuwanga. Mimi! Halafu leo unaninyooshea kidole?"

Mama Mdogo aliguna. "Umesema nina tetekuwanga?"

"Ningesema nini, mama?"

Sindano alishusha mkono. Aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Akampa Kava simu yake. "Basi iangalie wewe. Niambie inanitoa wapi."

Kava aliikagua kama daktari anavyomkagua mgonjwa aliyezidiwa. Laini mpya, isiyojulikana na mtu ila wao watatu. Ile sehemu ya kuonyesha mahali ulipo, imezimwa. Akaunti za zamani, hakuna hata moja.

"Yako ni safi," alisema. Kisha akageuka polepole. "Mama, lete ya kwako."

"Ya kwangu ya nini? Simu yangu ina mambo yangu."

"Mama."

"Nina mazungumzo ya kikundi humo. Watu wamesema siri zao."

"Mama, lete simu."

Ilitolewa kifuani ikiwa na joto. Kava aliifungua, akaanza kupekua, na kadiri kidole kilivyoshuka ndivyo nyusi zilivyopanda.

"Hii tochi umeipata wapi?"

"Ilikuja yenyewe. Nilibonyeza tangazo."

"Simu ina tochi yake, mama. Hii imeomba isome namba zote ulizohifadhi, isikilize kipaza sauti, ijue ulipo. Na wewe umekubali."

"Iliuliza kwa adabu," Mama Mdogo alisema. "Mtu akiuliza kwa adabu unamkatalia?"

"Na mchezo huu wa matunda? Nao umeukubalia. Na huu wa utabiri wa ndoto. Mama, hujawahi kubonyeza 'kataa' hata siku moja?"

"Niliona kama nitawaudhi."

Kava aliifuta tochi, akaufuta mchezo wa matunda, akaufuta utabiri wa ndoto. Sindano alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu mfuko ulipofunguliwa. Kumbe ni hivyo. Tochi ndiyo iliyowauza. Imeshakufa. Labda bado kuna nafasi ya kuhama kabla hajafika.

Akauokota ule mfuko wa nailoni autupe.

Ulikuwa na karatasi iliyogundishwa upande wa mbele, yenye maelekezo ya kumfikisha mleta mizigo. Sindano aliisoma kwa sauti, bila kukusudia, kama mtu anavyosoma kibao cha dukani akipita.

"'Ukifika mashine ya kusaga kata kushoto, usiende kwenye lami, pita kwa fundi viatu, utaona geti la kijani lililobonyea. Kuna mbwa mwekundu amelala, usimwogope, hana meno.'"



Mama Mdogo alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Mikono yake ikasimama.

"Soma tena hapo kwenye mbwa."

"'Usimwogope, hana meno.'"

"Hayo maneno," Mama Mdogo alisema, na akatafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, "ni yangu."

"Yako vipi?"

"Niliyaandika mimi. Hivyo hivyo. Pale nilipokuwa nakununulia mkasi."

Mkasi wenyewe ulikuwa pale mezani, juu ya vitambaa. Mkasi mzuri, mzito, mpini mweusi. Sindano ni wa mkono wa kushoto, na mikasi ya kawaida humkata kidole gumba mpaka sugu. Mikasi ya mkono wa kushoto haipatikani madukani. Mama Mdogo, kwa mapenzi yake, alikuwa amehangaika mtandaoni mpaka akaupata, akaununua kimyakimya, akamshangaza nao. Siku ile Sindano alilia kwa furaha.

"Uliandika wapi, mama?" Kava aliuliza. "Kwenye fomu ya duka, au wapi?"

"Pale chini ya picha ya mkasi. Wenzangu wote walikuwa wanaandika pale."

Kava alifungua ukurasa wa duka lile. Akaiona picha ya mkasi. Akashuka kwenye maoni. Yapo. Yamekaa pale hadharani, peupe, kila mwenye simu anaweza kuyasoma:

"Habari za kazi muuzaji. Mimi ni mama mtu mzima naomba huo mkasi ni wa binti yangu mtoto wa marehemu dada yangu ni mshonaji mzuri sana anatumia mkono wa kushoto amekuja kwangu hivi karibuni kwa matatizo ya ndoa. Namba yangu ni hii..." Kisha namba. Kisha mashine ya kusaga, fundi viatu, geti la kijani, na mbwa na kinywa chake kitupu.

Kava alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maneno hayakubadilika.

"Mimi nilidhani namwandikia muuzaji peke yake," Mama Mdogo alisema. "Mitaa yetu haina namba. Usipoeleza vizuri, mzigo unaishia kwa watu. Nimeeleza kama ninavyomweleza mgeni yeyote."

"Umemweleza, mama. Na mgeni ameelewa."

"Usimfokee," Sindano alisema.

"Sijamfokea."

"Usimfokee. Alitaka nipate mkasi."

Hapo Mama Mdogo ndipo alipolia. Mtu mzima akilia bila sauti, wasomaji wangu, inatisha kuliko mtoto anayepiga kelele. Sindano alimshika mabega. Kava alifuta yale maoni, akahakikisha yamefutika, akafunga na kufungua tena kuangalia.

"Amekuwa anazunguka kwenye kurasa za vifaa vya ushonaji," Kava alisema. "Anajua wewe ni wa mkono wa kushoto. Anajua ipo siku utatafuta mkasi. Alikuwa anasubiri tu."

Walipiga simu kituo cha polisi. Aliyepokea aliwasikiliza vizuri, akauliza kama kandambili ina damu. Wakasema haina. Akauliza kama mtu mwenyewe ameonekana. Wakasema hajaonekana. "Akionekana," alisema, "mtupigie mara moja."

Mama Mdogo alijipangusa uso. Alisimama, akajifunga nguo vizuri, akawa tena mwenye nyumba.

"Sasa nisikilizeni. Hapa ndani haingii mtu. Madirisha yote yana nondo. Mlango wa nyuma niliuziba kwa matofali mwaka ule nilioibiwa masufuria. Umebaki huu mmoja wa mbele, na kitasa chake kibovu nakijua, hata paka anakifungua. Kwa hiyo nimeshaagiza kipya."

"Umeagiza saa ngapi?" Sindano alishtuka.

"Ulipoingia chumbani kuchukua kandambili. Niliuona uso wako. Kitasa kikubwa, cha chuma, kinafunga mizunguko miwili. Wamesema kitafika leo leo."

"Leo leo?" Kava alisema. "Mkasi si ulichukua wiki nzima?"

"Nimewaambia ni dharura. Wana utu."

Kilifika kweli. Jua lilikuwa bado juu wakati pikipiki iliponguruma getini na mbwa mwekundu akafumbua jicho moja, akalifumba.

Mleta mizigo ni mwanamke mnene mcheshi, anayejulikana mtaa mzima kama Dada Helmeti, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziona nywele zake. Ndiye aliyeleta ule mfuko wa asubuhi. Alipoambiwa ulikuwa na nini, alishika kiuno.

"Mguu mmoja? Jamani! Mimi nachukua mifuko ofisini, imeshafungwa, sijui ndani kuna nini. Ningejua ningeitupa mtoni. Haya, hiki hapa kitasa. Kizito kama kichwa cha mume wangu."

Aliomba maji na mahali pa kupumzisha mgongo, akakaribishwa kwenye kochi.

Sindano hakutaka kusubiri fundi. Miaka yote aliyokaa na yule mwanamume alikuwa akiitazama mikono yake ikifanya kazi, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama. Akachukua bisibisi. Mama Mdogo alipasua pakiti, akampa kitasa, akampa skrubu moja moja, na funguo akazitia kifuani. Kitasa cha zamani kiling'oka kama jino bovu. Kipya kikakaa mahali pake barabara, hata tundu halikuhitaji kuchongwa.

"Tazama kilivyoenea!" Mama Mdogo alisema. "Utadhani walikuja kupima."

"Mwanamke fundi," Dada Helmeti alipiga makofi. "Na kwa mkono wa kushoto! Njoo unifungie na mimi kwangu, nimfungie baba watoto nje."

Sindano aliomba ufunguo, akajaribu. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Kitasa kilisema *kla, kla*, sauti nene ya kutuliza moyo. Akafungua, akarudisha ufunguo kwa mama yake mdogo, akaurudishia mlango tu bila kuufunga, maana mgeni alikuwa karibu kuondoka. Akaketi. Alikuwa anatabasamu. Tangu dada yake aingie nyumba ile, Kava hakuwahi kuliona tabasamu lile lote, na pengo lake la pembeni.

"Unaona?" Mama Mdogo alisema. "Na ninyi mnasema mtandaoni hakuna watu. Huyu muuzaji wangu ni mstaarabu kuliko ndugu. Tangu ule mkasi hajaacha kunijulia hali."

Kava alikuwa anakunywa maji. Akashusha kikombe.

"Muuzaji gani?"

"Wa mkasi. Na kitasa nimenunua kwake kwake, kwa nini nihangaike na nisiowajua?"

"Anakujulia hali wapi?"

"Inboksi. Soma mwenyewe uone mtu mwenye adabu."

Kava alisoma. Nami nawaandikia alivyosoma, neno kwa neno.

"'Shikamoo mama. Binti ameupenda mkasi?'

"'Ameupenda baba, amelia.'

"'Mama, siku nyingine nikileta mzigo wake nisisumbue nyumba nzima. Analala chumba cha mbele au cha nyuma?'

"'Cha nyuma baba, chenye pazia la njano.'

"'Na mlango wa nyuma upo?'

"'Niliuziba baba.'

"'Vizuri sana mama. Usalama ni muhimu. Na kitasa cha mbele kikoje? Nipigie picha nikushauri.'"

Chini yake kulikuwa na picha. Mlango wa Mama Mdogo, umepigwa kwa karibu, na rula ya shule imewekwa pembeni kuonyesha kipimo.

Dada Helmeti aliacha kucheka.

Kava alirudi kwenye ukurasa wa duka, akashuka hadi chini kabisa. Ulikuwa umefunguliwa hivi karibuni, muda mfupi tu baada ya Sindano kutoroka. Vilivyouzwa humo vyote alivihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, navyo ni vitasa vya milango. Na mkasi wa mkono wa kushoto.

"Hakuwa anazunguka kwenye kurasa za watu," Kava alisema, akimrudishia mama yake simu. "Ukurasa ni wake. Aliutega huo mkasi kama mtu anavyotega panya, akakaa kusubiri nani atauliza bei."

"Mama mdogo," Sindano alisema, bila kuinuka. "Pakiti ya kitasa iko wapi?"

Ilikuwa sakafuni, chini ya meza. Aliigeuza. Imechapwa nje, kwa herufi nyekundu: *Funguo tatu*.

"Toa ulizonazo."

Mama Mdogo aliingiza mkono kifuani. Akatoa mbili. Akaingiza tena, akapapasa kushoto, akapapasa kulia, akasimama akajikung'uta nguo nzima. Hakuna ufunguo mwingine ulioanguka.

"Zilikuwa mbili," alinong'ona. "Nilidhani ndivyo zinavyokuja."

Sindano alimgeukia Dada Helmeti. "Dada yangu. Hiki kitasa nacho umekichukua ofisini?"

"Hapana, hiki amenipa mwenyewe mkononi. Pale kwenye mashine ya kusaga." Alisema taratibu sasa, kila neno likimtoka kwa shida. "Mwanamume mpole. Amenisalimia mpaka nikachoka. Nimemwambia twende wote, ni hapa tu, akasema hataki kusumbua. Akasema nikimaliza nimjulishe kama mmeshakifunga, ili aondoke moyo umetulia."

"Ana nini kiunoni?"

"Kiunoni?"

"Funguo. Pete ya funguo. Zinalia?"

Kabla hajajibu, simu ya Dada Helmeti iliita. Aliitazama, akaigeuza wote waione. Namba haikuwa na jina.

"Ndiye huyo," alisema.

"Usipokee," Kava alisema.

"Pokea," Sindano alisema. "Weka sauti kubwa. Mwambie uko mbali, umeshaondoka."

Dada Helmeti alibonyeza.

"Dada, habari ya kazi?" Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyekunywa chai vizuri. "Umefikisha?"

"Nimefikisha, kaka. Nimeshaondoka zamani, niko huku stendi."

"Ahaa. Na wamekifunga?"

"Wamekifunga. Yule dada mwenyewe kakifunga." Ulimi ulikuwa umeshamponyoka. Alijiziba mdomo, macho yamemtoka.

"Najua," sauti ilisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Wote wanne walisikia. Na wote wanne waligeuza shingo kwa pamoja. Maneno yale hayakutoka kwenye simu peke yake. Yalitoka mara mbili: kwenye simu, na nyuma ya mlango.

"Stendi gani hiyo, dada," sauti mbili zilisema, "na pikipiki yako iko hapa getini?"

Sindano alitega sikio kutafuta mlio anaoujua, ule wa pete ya funguo. Hakuusikia. Safari hii hakuja na pete. Alikuja na ufunguo mmoja tu, na huo ukiwa peke yake haulii.

Uliingia tunduni polepole.

Kava aliruka kukamata kishikio. Akachelewa. *Kla. Kla.* Mizunguko miwili. Mlango haukufunguka, wasomaji wangu. Ulifungwa.

"Mama, ufunguo!" Kava alimpokonya mama yake, akauchomeka kwa ndani. Ukagoma. Akausukuma kwa kiganja, akausukuma kwa nguvu zake zote. Nje kulikuwa na mwingine, umeachwa tunduni, makusudi.

"Amenifungia tena," Sindano alisema. "Na safari hii na ninyi."

Lakini hakukaa. Alikuwa ameshalinyakua gazeti kutoka mezani, na ile sindano ndefu ya kufumia kutoka kwenye kikapu. Akapiga magoti kizingitini. Kulikuwa na upenyo chini ya mlango, mwembamba, mwanga wa jua ukipita kama uzi. Ulitosha. Akalikunjua gazeti, akaanza kulipenyeza.

Mwanga ukazimika upande mmoja. Kisha katikati. Kitambaa kilikuwa kinasukumwa kutoka nje, kinajazwa kwa utulivu, pembe hadi pembe, kama mama anavyochomekea shuka la mtoto. Sindano alikitambua. Kilikuwa gauni lake la kazi, la maua madogo, aliloliacha limening'inia nyuma ya mlango wa nyumba ya mumewe.

Gazeti likarudi mikononi mwake, limejikunja.

Kava alikuwa anapiga namba ya kituo cha polisi, na simu ya kituo ilikuwa inatumika. Dada Helmeti alikuwa dirishani, ameshika nondo kwa mikono yote miwili, anamwita fundi viatu kwa jina, na cherehani ya fundi viatu ilikuwa inanguruma. Nje, hatua zilisikika zikiuzunguka ukuta, bila haraka, kuelekea nyuma ya nyumba. Kuelekea kwenye pazia la njano.

Kisha kifuani kwa Mama Mdogo kitu kikatetemeka.

Alikitoa. Ni simu. Ujumbe mmoja mpya, kutoka dukani. Hakuweza kuusoma kwa machozi, akampa Sindano.

"Mteja wetu mpendwa," uliandikwa, "asante kwa kununua kwetu. Tungependa kujua maoni yako. Je, kitasa kimefunga vizuri?"